Kapu la Mheshimiwa Shomvi

Anayetaka kuamini na aamini. Asiyetaka na akae papo hapo asikilize tu, maana masikio hayana gharama. Bi Kazija aliingia nchi ya Fukizani kwa miguu yake mwenyewe, na kitu cha kwanza alichokiona huko ni mtu mzima mwenye suti anayetembea huku uso umeelekea juu, kama anayechagua nazi ya kuangua.

"Huyo amepotelewa na nini huko mawinguni?" akamuuliza muuza kahawa.

"Sema polepole, mama. Huyo ni mbunge. Hajapotelewa na kitu. Amejaliwa."

Bi Kazija akamzunguka yule mtu, akayaona aliyojaliwa. Mgongoni alivaa kapu kubwa la ukindu, limejaa hadi pomoni, nalo lilimvuta nyuma hata kidevu kikamtazama Mungu. Viatu vyake vilikuwa vya kutumbukiza tu, visivyo na kamba. Wabunge wote wa Fukizani huvaa hivyo, kwa sababu kapu likijaa hakuna anayeweza kuinama akafunga kamba.

Muuza kahawa akamweleza mambo ya nchi. Fukizani wanaichukia rushwa, wee! Mbunge akionekana anapokea kitu kwa mkono, anakwenda jela, yeye na mkono wake. Wabunge walipoona hivyo wakatafuta dawa, wakatunga Sheria ya Mgongo. Ilisema kwamba mbunge atavaa kapu, mwenye kutaka kutia atatia, na mwenye kapu haruhusiwi kugeuka wala kuambiwa kilichomo. Asichokiona hajakipokea. Tangu siku hiyo hajashitakiwa mbunge hata mmoja, na wageni husomewa habari hiyo kwa fahari kubwa.

"Nyani haoni kundule," alisema Bi Kazija.

"Na sisi tumemtungia sheria asilione," alisema muuza kahawa.

Sasa, huyu Bi Kazija alikuwa msusi wa makapu. Kwao alijulikana kwa ukili wake, ule msuko wa ukindu, uliobana, na kwa ulimi wake, na watu waliuogopa ulimi kuliko sindano ya shazia. Alipoyatazama makapu ya Fukizani alisikitika kama fundi. Yalikuwa yanafumuka pembeni, vishikio vimelegea. Akasema moyoni, hapa nitapata kazi. Na kweli, kabla ya adhuhuri alikuwa ameajiriwa kushona makapu ya wabunge.

Chumba alikipata kwa mjane mmoja aitwaye Siwatu. Nyumba ilikuwa na furaha ya nusu nusu. Binti wa Siwatu, Mize, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume siku mbili nyuma. Mtoto alikuwa mzuri, macho makubwa, lakini kifua chake kilikuwa dhaifu. Akivuta pumzi, unaisikia kutoka mlangoni.

"Hongera, shoga," alisema Bi Kazija. "Mbona umekunja uso?"

"Siku ya saba atafukizwa," alisema Siwatu.

Bi Kazija hakuelewa. Siwatu akamweleza taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Huko Fukizani, mtoto akifika siku ya saba, wageni huja na viko vyao, wakampulizia moshi wa tumbaku usoni mmoja baada ya mwingine, wakisema karibu duniani. Anayekataa kufukiziwa mwanawe ameitukana nchi. Tumbaku ya siku hiyo hutolewa bure na Nyumba ya Tumbaku, kile kiwanda chenye bomba refu kuliko mnara wa msikiti, na juu ya kila pakiti pameandikwa kwamba hii ni mila ya mababu.

"Na kweli ni ya mababu?"

"Bibi yangu hakufukizwa. Mila hii ya mababu imeanza mwaka nilioolewa mimi."

Bi Kazija alitaka kucheka, akaona macho ya Mize yanalengwalenga. Huyu alikuwa mtoto wake wa pili. Wa kwanza alifukizwa siku ya saba, akakohoa siku nne, ya tano hakukohoa tena.

"Lakini safari hii tuna Mheshimiwa Shomvi," alisema Mize, akijifuta. "Ameleta mswada. Mtoto akifika siku ya tano, wanapiga kura. Ukipita, ni marufuku kuvuta mbele ya mtoto mchanga. Alituapia, mama. Wakati wa uchaguzi alivunja kiko chake jukwaani, akalia, na sisi tukalia."

"Kilikuwa kiko cha dereva wake," alisema Siwatu. "Lakini machozi yalikuwa yake. Niliyaona."

Kesho yake Bi Kazija aliitwa kushona kapu, na kapu lenyewe lilikuwa la Mheshimiwa Shomvi. Alifurahi. Kwenye lango la mheshimiwa alikuta kibao kikubwa: MARUFUKU KUVUTA HAPA. Moyo ukamtulia. Akasema, kumbe bwana huyu anamaanisha.

"Hodi hapa!"

"Karibu, bibi, karibu," alisema Shomvi, akiwa amesimama katikati ya ukumbi, uso darini. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye sauti ya kubembeleza. Pembeni yake alisimama Bwana Mkadamu, Karani wa Mali, mkononi ana roli ya utepe mwekundu. Kazi yake ilikuwa kumfuata mheshimiwa kila aendako na kufunga utepe kwenye kila kilichotiwa kapuni.

"Nimefurahi kuona kile kibao," alisema Bi Kazija, akichomoa shazia. "Angalau hapa mtoto anaweza kupumua."

"Mtoto?" alisema Shomvi. "Kile ni kwa ajili ya vitu. Moshi unaharibu mapazia. Niliitunga mwenyewe Sheria ya Mali, bibi. Mali ya mheshimiwa haifukizwi. Popote ilipo mali yangu, hatua ishirini kila upande, viko vyote vinazimwa. Ilipita asubuhi moja, chai haijapoa. Wakati huo makapu yalikuwa mapya, tuliinama wote kuipitisha."

Bi Kazija alianza kutoa vitu ili ashone kitako. Akatoa jora la hariri, saa ya ukutani, birika la fedha, viatu jozi tisa. Kila kimoja kilikuwa na alama ya bomba refu la kiwanda.

"Lo! Hiki kimetoka Nyumba ya..."

"Usiniambie!" Shomvi aliziba masikio kwa viganja vyote viwili. "Mama wee, unataka nifungwe? Mimi sijui kitu. Nahisi uzito tu, na uzito unaweza kuwa umri."

"Haya. Na mswada wako, bwana? Nimepanga kwenye nyumba yenye mtoto mgonjwa wa kifua."

"Nitausimamia mpaka mwisho. Moshi ni adui yangu. Sikia vizuri lakini, watu huwa wanachanganya. Mimi napinga moshi. Uvutaji siupingi."

"Na moshi unatoka wapi?"

"Hapo sasa! Unaotoka naupinga. Unaoingia ni uhuru wa mtu."

Bi Kazija akatunga ukindu kwenye shazia. Akashona. Na hapa niwaambieni kosa lake, maana hata yeye mwenyewe alilisimulia bila kujificha. Fundi hodari hawezi kufanya kazi mbovu hata kwa mtu asiyempenda. Aliongeza ukili, akapanua kapu shibiri mbili, akalikaza kitako, akaweka na kifuniko cha kukunja. Lilikuwa kapu zuri kuliko yote Fukizani. Bwana Mkadamu alilipigapiga akasema, hili litabeba hata ng'ombe.

Siku ya tano wakaenda Bungeni, Bi Kazija na Siwatu, wakakaa roshani ya wananchi. Desturi ya Fukizani ni kwamba asubuhi ya kura, wenye zawadi hupanga foleni mlangoni mwa Bunge na kutia makapuni wabunge wanapoingia. Siku zote foleni ilikuwa ya watu wa Nyumba ya Tumbaku tu, nao huja baada ya kustaftahi, kwa kuwa hawana wa kushindana nao. Siku hiyo walilitazama kapu la Shomvi lililopanuliwa, wakatazamana, wakatuma gari lirudi kuleta zaidi.

Shomvi alihutubia kwanza. Jamani, yule bwana alijua kusema! Alisimulia pumzi ya mtoto mchanga hata Spika akatoa leso. Alisema moshi ni jambazi linaloingia nyumbani bila hodi. Siwatu aliushika mkono wa Bi Kazija akaubana.

"Wanaoafiki wainame," alisema Spika. "Wasioafiki wabaki wima."

Ndivyo kura inavyopigwa huko. Wabunge walikuwa arobaini na mmoja. Waliinama ishirini, wale wa majimbo ya maskini ambao makapu yao yalikuwa na maboga mawili matatu. Ilibaki kura moja. Wote wakamtazama Shomvi.

Shomvi akajaribu. Bi Kazija aliapa baadaye kwamba alijaribu. Kiuno kikasogea kidogo, na kapuni kitu cha shaba kikalia ng'a! Akasita. Vitu vikimwagika mbele, atakuwa ameviona, na akiviona amevipokea. Akanyooka polepole, akatazama dari.

"Mgongo unanisumbua," alisema. "Lakini moyo wangu umeinama. Iandikwe hivyo."

Ikaandikwa hivyo. Mswada ukaanguka kwa kura moja, na kwa kanuni zao mswada wa namna hiyo hurudi mwezi ukiandama. Siku ya saba ilikuwa keshokutwa.

Siwatu hakulia. Alirudi nyumbani akaanza kufagia uwanja wa wageni, kwa nguvu, kama anayefagia watu. Bi Kazija alikaa kizingitini na kujiona mbaya. Ni yeye aliyeongeza zile shibiri mbili. Kama angefanya kazi ovyo mara moja tu maishani mwake, lile kapu lingefumuka pale pale Bungeni. Aliona uchungu, akajipiga paja.

"Shoga," alimwita Siwatu. "Keshokutwa wageni ni nani?"

"Jirani wote. Na Mheshimiwa Shomvi, mgeni rasmi. Yeye ndiye anayepuliza wa kwanza."

"Yule yule?"

"Hakosi sherehe. Anasema moshi anaupinga, ila mila anaiheshimu."

Bi Kazija akaanza kucheka peke yake, mpaka Mize akatoka ndani kuuliza kulikoni.

Siku ya saba uwanja ulijaa. Viko vilikuwa vimejazwa, viberiti tayari. Shomvi akaingia uso juu, anasalimia mbingu, Bwana Mkadamu nyuma yake na utepe wake. Kanga ikatandikwa. Mize akamleta mtoto. Mheshimiwa akawasha kiko chake, akavuta ule mvuto wa kwanza mrefu.

"Karibuni kwanza tumpe mheshimiwa zawadi," alisema Bi Kazija kwa sauti kubwa.

Hakuna mbunge wa Fukizani anayepuliza chochote zawadi inapotajwa. Shomvi akaumeza moshi, akakohoa, akageuza mgongo kwa adabu. Bi Kazija akakunjua kile kifuniko alichokishona mwenyewe. Kapu siku hiyo halikuwa na mali, maana mali haipelekwi penye viko; lilikuwa na tandiko la hariri tu, laini. Akamchukua mtoto mikononi mwa Mize, akamlaza juu ya hariri, akamfunga kanga asianguke.

Watu wakashika midomo.

"Karani," alisema Bi Kazija, "fanya kazi yako."

Bwana Mkadamu alikuwa mtu wa sheria. Alimtazama mtoto, akautazama utepe. Hakukuwa na ibara iliyosema zawadi isiwe na pua. Akakata kipande, akamfunga mtoto mkononi, kisha akapaza sauti kama anavyopaza kila siku: "Mali ya mheshimiwa! Hatua ishirini! Zima viko!"

Viko vikazimwa. Wa kwanza kuzimiwa alikuwa Shomvi mwenyewe. Karani alikitoa kiko mdomoni mwake, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji.

"Kuna nini mgongoni kwangu?" aliuliza Shomvi. "Kina joto."

"Haturuhusiwi kukwambia, mheshimiwa," walijibu watu kwa pamoja. "Ni sheria."

"Kinacheza."

"Haturuhusiwi."

Basi alisimama hapo mbele ya jimbo lake zima, hajui amebeba nini, na baada ya muda akahisi umajimaji wa vuguvugu unamshuka mgongoni hadi kiunoni. Hakuthubutu kuuliza. Akatoa hotuba fupi, akisema ndiyo maana siku zote amesema kwamba moshi na watoto havikai pamoja. Watu wakampigia makofi, tena ya dhati, maana walikuwa na la kufurahia.

Mali isiyobebeka, kama mbuzi na ng'ombe, huachwa kwa aliyeitoa aitunze. Karani akaamua hii nayo ni hivyo hivyo. Mtoto akarudi kifuani kwa Mize, utepe mkononi, na usiku ule Mize alicheka kwa mara ya kwanza tangu Bi Kazija ahamie pale.

Mngedhani yameisha. Bi Kazija naye alidhani, akaanza kufunga mkoba wake. Ila asubuhi mlangoni kulikuwa na mwanamke na mtoto wa siku nne. Nyuma yake mwingine. Siwatu akawatazama, akarudi ndani.

"Wetu ana utepe," alisema. "Hawa je? Tutawafunga utepe mmoja mmoja mpaka lini?"

"Mwezi unaandama lini?" aliuliza Bi Kazija.

Mwezi ulipoandama, kabla jua halijachomoza vizuri, foleni ilikuwa imeshapangwa mlangoni mwa Bunge. Wote wanawake, kila mmoja na mwanawe. Mize alisimama wa kwanza. Wabunge walipofika, kila kapu lililokuwa na nafasi lilipata mtoto, amefungwa kanga barabara, na makarani wakafunga utepe mpaka roli zikaisha. Watu wa Nyumba ya Tumbaku walipomaliza kustaftahi na kuja na magari yao, waliambiwa makapu yamejaa. Hata viko hawakuruhusiwa kuwasha barabarani.

Wabunge wakakaa vitini, hawajui kitu. Walihisi joto, wakashukuru kimoyomoyo. Spika akasoma mswada, akainua nyundo, akaigonga mezani kuita kura. Pa!

Mtoto mmoja akashtuka, akalia. Mnawajua watoto, akianza mmoja ni kama jogoo wa alfajiri. Bunge zima likalia. Wabunge wakabaki wamekodoa macho, maana tangu sheria itungwe kapu halijawahi kusema neno. Na hapo, jamani, miili yao ikakumbuka walichokisahau wao. Aliyebeba bidhaa hujivuta nyuma. Lakini mtoto akilia mgongoni, hakuna binadamu asiyeinama akamtikisatikisa. Mmoja akainama, anaguna "mmh, mmh". Mwingine akafuata. Mzee mmoja aliyeupinga mswada alikuwa anaimba kabisa.

Karani wa kura hakuwa na kazi nyingine ila kuhesabu walioinama. Wengine waliinama kabisa, wengine walijikaza, jasho linawatoka. Alipofika ishirini, akakwama.

Miongoni mwa waliobaki wima alikuwa Shomvi. Kapuni mwake alilala mjukuu wa Siwatu, na mtoto huyo alikuwa usingizini fofofo. Hakulia. Kule roshani Mize alijiuma kidole.

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," Bi Kazija alinong'ona. "Lia, baba. Leo tu, lia."

Mtoto hakulia. Alikohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, kile cha kifua dhaifu, kikaingia moja kwa moja kwenye sikio la Shomvi. Yule bwana alikuwa ameeleza kikohozi hicho kwenye hotuba zaidi ya kumi, na hajawahi kukisikia. Uso wake ulitoka darini. Ukashuka kidogo kidogo, ukapita kwa Spika, ukapita roshani, na kwa mara ya kwanza Mize akayaona macho yake. Kisha akainama mpaka chini, mkono mmoja umekwenda nyuma kumpigapiga asiyemjua.

"Ishirini na moja!" alisema karani. Nyundo ikagonga.

Roshani ilitikisika kwa vigelegele. Siwatu alikaa chini akalia kilio alichokiweka tangu mjukuu wa kwanza, na hakuna aliyemnyamazisha.

Watu wa Nyumba ya Tumbaku walimngoja Shomvi mlangoni, nyuso zimewaiva. Wakamwuliza imekuwaje, yeye rafiki yao, aiafiki sheria ile mbele ya dunia nzima?

"Nani ameafiki?" alisema Mheshimiwa Shomvi, uso umesharudi juu, mtoto ameshatolewa, kapu liko wazi. "Mimi? Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu."

Wakainamisha vichwa wote kwa pamoja, wakavitazama viatu vyake vya kutumbukiza.